Nyama ya Joviale Iliyobaki Maabara

Apollinaire, mdogo wa marehemu mume wangu, alitia saini nyama ya mwanangu ibaki kwa watu wa maabara, na mimi niliyemzaa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, nje ya mlango. Hakuna aliyeniuliza. Sijui kusoma, lakini kukataa ninajua.

Mwanangu aliitwa Joviale. Tuliishi mtaa wa Cimpunda, juu kabisa mlimani, na mimi niliuza sambaza, visamaki vya ziwani, sokoni Kadutu. Asubuhi, samaki wakisha kufika kutoka Kalehe, tulikaa wawili mbele ya karai tukichambua. Nikimkaangia wachache, yeye alianza kula kichwa. "Maman, asiniangalie wakati ninamukula." Mpaka leo, sambaza wabichi wakinuka ziwa, ninageuka kumtafuta kando yangu.

Alipofika miaka minne tumbo lilivimba. Tulimpa dawa ya minyoo, kama watoto wote wa mtaa. Halikupungua. Kisha macho yakazungukwa na weusi kama ya mtu aliyepigwa ngumi, na majirani wakaanza kunitazama vibaya. Hospitalini walisema ni kansa ya neva, ile ya watoto. Wakampasua, wakatoa uvimbe. Baada ya miezi mitatu tulimzika kijijini, katika migomba, pale nilipofukia kitovu chake. Nilidhani nimezika mtoto mzima.

Miaka tisa ikapita. Mwaka jana daktari Firmin, aliyemtibu, alirudi kutoka masomo ya Ulaya, akanifuata sokoni. Alidhani ananiletea furaha. Kwenye simu yake nikaona vidoa vinawaka na kuzimika.

"Hizi ni seli za uvimbe wa Joviale, maman. Dawa inabisha hodi nje ya seli. Ndani anatoka mjumbe, inositoli fosfati, anakwenda kufungua ghala la kalsiamu. Kalsiamu ikimwagika, rangi tuliyotia inawaka. Seli zingine zinafunga ghala mbio. Hizi zinachelewa. Tukijua sababu, tutasaidia watoto wengine."

"Kumbe ziko hai?"

"Ziko hai. Zinazaana."

"Basi mutoto yangu iko na miaka ngapi sasa?"

Alirudisha simu mfukoni. Nikamuuliza nani alimpa ruhusa.

"Papa Apollinaire alisaini, maman. Nilidhani unajua."

Nilimkuta Apollinaire anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na wenzake.

"Mutoto ni wa ukoo wetu," alisema. "Wewe ulikuwa njia tu."

"Hiyo njia ndiyo ilimubeba mugongoni mpaka hospitali. Wewe ulifika na kalamu."

Wenzake walicheka, yeye hakucheka.

Sikatai watoto wa wengine wapone. Ningeulizwa, labda ningekubali. Firmin aliahidi kuniletea kichupa kimoja cha zile seli, nikizike pamoja na mwili wake. Hajaleta, na ninamdai. Apollinaire ninamdai swali. Aje aniulize mbele ya ukoo mzima, kisha angoje jibu langu.