Chuo kiliniweka kiporo mwaka ambao baba alipoteza Kiingereza

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Kuna mdau juzi aliuliza humu: mwanae kaomba chuo huku Marekani, kajibiwa "deferred", yaani uamuzi umeahirishwa, sasa afanye nini. Wengi walimjibu kwa utani. Mimi nilipitia hilo na sijawahi kulisimulia. Nitaeleza kama lilivyokuwa, bila chumvi. Mnivumilie, ni kirefu kidogo na hakichekeshi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000. Tuliishi Gaithersburg, Maryland. Baba, mtu wa Morogoro, alikuwa fundi wa kompyuta kwenye kampuni moja Virginia. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mimi ni mtoto wao wa pekee, na nilikuwa senior, yaani mwaka wa mwisho wa high school.

Kiswahili nilikuwa nakielewa chote, ila kujibu nilijibu Kiingereza. Watoto wengi wa huku tulikuwa hivyo. Baba alikuwa anasema anaongea na ukuta, na ukuta unamjibu kwa accent.

Fall ile, majani yanapopukutika, baba alipata stroke, yaani kiharusi, akiwa anaendesha kutoka kazini, kwenye barabara kuu ya I-270. Aliwahi kusogeza gari pembeni. Polisi walimkuta kashikilia usukani, mdomo umepinda, hasemi.

Alipopata nafuu kidogo hospitalini, upande wa kulia haukufanya kazi. Na Kiingereza kilikuwa kimeondoka.

Chote, wakuu. Lugha aliyoitumia kazini miaka yote ile haikubaki. Kilibaki Kiswahili, nacho kwa vipande. Daktari alituambia hutokea kwa watu wa lugha mbili.

Sasa mtaalamu wa kumfundisha kuongea upya alikuwa Mmarekani, hajui hata "jambo". Mama hawezi kuacha shift, maana bima ya matibabu ya familia ilikuwa imehamia kwenye kazi yake. Kwa hiyo kila nikitoka shule nilikaa katikati yao. Mtaalamu anainua picha ya kikombe, baba anahangaika, mimi namwambia, "Kikombe, baba," naye anarudia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuongea Kiswahili kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na saba.

Katikati ya hayo yote nilikuwa nimetuma maombi ya mapema kwenye chuo kikubwa cha serikali. Habari za nyumbani sikuziandika hata mstari mmoja. Na alama zangu zilikuwa zinaporomoka, chemistry ndiyo usiseme.

Winter ikaja, jibu likaja. Nililisoma kwenye kompyuta ya maktaba ya shule. Hawajanikubali, hawajanikataa. Wataniangalia tena pamoja na kundi la pili, nitume matokeo ya nusu mwaka. Kwa lugha ya mpira, wameniweka kiporo.

Mshauri wa wanafunzi pale shuleni, mama mmoja mpole, aliniambia wameona alama zinashuka na hakuna aliyewaeleza sababu. "Waeleze," akasema.

Nikapeleka habari nyumbani. Baba akakataa palepale.

"Usi... usiniuze," akaniambia.

Mama akamgeukia. "Baba Neema, nani anakuuza? Wale watu hawamjui mtoto wako. Watajuaje anayoyapitia?"

"Aingie... kwa akili yake."

Mama akanyanyuka, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji na kuliacha limwagike. Siku hizo ndivyo alivyokuwa akilia.

Nikaandika barua isiyomtaja baba. Niliweka tu kwamba nina "majukumu ya kifamilia". Mshauri akaisoma, akanirudishia. Haisemi kitu, akasema.

Nikaandika ya pili, nikaweka yote. Lakini nikaona siwezi kuituma kabla baba hajaisikia. Na ili aisikie, ilibidi niigeuze Kiswahili.

Tulikaa nayo Jumamosi mchana kutwa. Nilikuwa nakwama kwenye maneno, yeye ananisahihisha, halafu yeye anakwama, namsubiri. Kuna mahali tulicheka. Nilipofika pale nilipoandika kwamba baba yangu anapona, akainua mkono wa kushoto.

"Si kweli."

"Baba, watu huandika hivyo."

"Siponi, Neema. Andika... kweli."

Nikafuta. Nikaandika kwamba hatujui kama atapona, na kwamba kwa sasa mimi ndiye ninayemsemea. Nikamsomea.

"Tuma," akasema.

Nikatuma, pamoja na matokeo. Chemistry ilipanda kidogo. Mengine hayakupanda.

Spring wakajibu. Wamekataa.

Nilimwambia baba mwenyewe, kwa Kiswahili. Alishika mkono wa sweta yangu na hakuuachia mpaka mama aliporudi kutoka kazini.

Nilianza community college ya karibu, chuo cha miaka miwili ambacho hakichagui sana. Winter iliyofuata baba alipata stroke ya pili na hakurudi nyumbani. Ndugu walitaka asafirishwe Morogoro. Mama aligoma. Alisema kaburi la mumewe anataka alifikie kwa miguu yake. Tukamzika Maryland.

Baadaye nilihamia chuo kilekile kilichonikataa, nikamaliza. Watu wakisikia hapo hunipongeza. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza nilikaa kwenye gari pale parking nikashindwa kushuka. Nilijiona kama mtu aliyefika harusini wageni wameshaondoka.

Mdau uliyeuliza: kiporo si ndiyo wala si hapana. Mwanao ajibu mapema, atume matokeo, aseme sababu bila kuzunguka, na wiki hiyohiyo atafute chuo kingine. Asikae kusubiri mlango mmoja.

Na kama kuna jambo zito nyumbani, msimwachie aliandike peke yake. Kaeni naye. Barua yangu haikunipa nafasi, lakini ile Jumamosi ndiyo mara ya mwisho mimi na baba kuongea mchana mzima, na mara ya kwanza kuongea muda wote huo kwa lugha yake.

Aliyewekwa kiporo akatoboa, au akakwama kama mimi, atuambie hapa chini. Na aliyewahi kumsemea mzazi wake hospitalini, naomba sana nisome yako.