Aliyenipa Pembe ya Pili

Mnanijua napenda kuchekesha watu, lakini hili si la kuchekesha. Limenipata mimi, akili zangu timamu. Usipotaka kuamini, chai yako hiyo, kunywa tu, mie naendelea.

Miaka ya tisini inaishia, nakaa Germantown, hapa hapa Maryland, kwa mwanangu Rehema. Aliniita nije nilee mjukuu. Haya, mjukuu akaanza shule, bibi nikabaki na nini? Rehema anatoka alfajiri kwenda kuhudumia wazee wa watu huko mjini, anarudi na mtoto giza limeshaingia. Mie na tivii, na tivii yenyewe inaongea lugha yake. Siku nyingine naongea na friji, wallahi.

Nyuma ya nyumba pana msitu. Siku moja nikaokota pembe. Si mnawajua wale kulungu wa huku, wanaokatiza mpaka bustanini kwa watu? Dume lao linaangusha pembe kila kipupwe, zenyewe tu, kama mtoto anavyong'oka meno, halafu zinaota nyingine. Nilidhani mnyama kafa. Rehema alinielewesha huku anacheka mpaka akakaa chini. Basi ikawa ndiyo kazi yangu, kipupwe chote mpaka majani yanapochipua. Unakwenda polepole, unaangalia pale wanaporuka uzio, pale wanapolala kuota jua. Shida yake, haziangukii mahali pamoja. Unapata ya kushoto, ya kulia iko inakojua yenyewe. Nilikuwa nazo nyingi dirishani, zote mojamoja, naziona kama wajane wenzangu.

Siku hiyo theluji imeanguka kidogo. Nimepata moja kubwa, nainamainama kutafuta mwenzake, nasikia nyuma yangu, "Unaitafuta hii?"

Kwa Kiswahili. Jamani, msitu wa Maryland, Kiswahili cha kwetu Korogwe! Kugeuka, mama wa rika langu, kajifunga kanga, kashika pembe, pacha kabisa wa ile yangu. Mtu mwenye akili angejiuliza, kanga tupu kwenye baridi ile? Mie nilikuwa na njaa ya mtu. Nikamuuliza, "Dada, wewe wa wapi?"

"Wa hapa hapa," akasema, akanipa ile pembe.

Tukaongea. Yaani, niliongea mie. Nikamwaga yote, yeye anaitikia tu, ehee, pole mwenzangu. Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza. Mie nikiongea, mdomo unatoa moshi kwa baridi. Wake hautoi kitu.

Kuagana, nikasema kile tunachosema sote. Nani kwetu anaachana na mtu bila kumkaribisha? Unasema tu, hata humaanishi, na mwenzio anajua. "Karibu nyumbani, dada. Siku yoyote."

Mtu wa kwetu angejibu, asante, tutakuja. Yeye akasema, "Nakuja leo."

Giza la kipupwe linawahi. Nimewasha taa, pembe mbili mezani, kwa mara ya kwanza nina jozi. Nikasikia kwenye mlango wa kioo wa nyuma, "Hodi."

Mnielewe. Tangu nifike Marekani hakuna aliyewahi kupiga hodi nyumba ile. Watu wanabonyeza kengele, tena baada ya kupiga simu wiki nzima. Moyo uliniruka kwa furaha. Nikaenda, nikabandika uso kwenye kioo. Kasimama pale, kanga ile ile. Upande wangu kioo kimejaa ukungu wa pumzi zangu. Upande wake kikavu.

"Hodi."

Neno karibu nikalimeza. Mkono lakini ulishashika kitasa.

"Ulishanikaribisha," akasema taratibu, wala hana hasira. "Na mimi sina mtu."

Hapo gari la Rehema likamulika upande wa mbele. Nageuka, narudisha macho, hayupo. Tukatoka na tochi. Kwenye theluji, kutoka msituni mpaka mlangoni, alama za kwato. Kulungu ana miguu minne, si ndiyo? Zile zilikuwa za miguu miwili, mmoja mbele ya mwingine, kama anavyotembea mtu. Za kurudi hazikuwepo. Rehema akasema, "Mama, ni kulungu tu," huku ananivuta ndani na kutia komeo.

Kulipokucha nikazirudisha pembe zote msituni. Haikusaidia. Tukahamia Landover, kote magodauni, mti wa kutafuta, na bado kipupwe kikiingia, jua likizama, naisikia hodi mlangoni. Siijibu. Nimeacha kumwambia mtu yeyote karibu, hata nyie, mnasema bibi ana maringo siku hizi. Semeni tu. Ila kuna jioni haji, na jioni hizo, niwafiche nini, nakaa namsikilizia.

Sasa nyie mliowaleta mama zenu huku, mkawafungia ndani na haitingi, ile mashine ya joto, na tivii, nisikilizeni. Rudini mapema. Ongeeni nao, hata kama mmechoka. Mama akikaa kimya mno, atamkaribisha yeyote anayemwitikia.