Mzee Sufiani na Maji ya Magharibi

Mwanvita alijifunza kuhudumia wazee kabla hajajua kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kufanya hivyo. Bibi yake aliyemlea kule Mkuyuni alipatwa na kiharusi Mwanvita akiwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko na kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Bibi alipofariki, ndugu walimwambia sasa apumzike, aolewe. Akaolewa kweli, na fundi cherehani aitwaye Hashimu, wakahamia Morogoro mjini. Siku aliyoona tangazo la kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya, alimwambia mumewe, "Hii kazi naijua tayari. Nataka tu wanipe cheti."

Leo ana miaka thelathini na tisa, na huu ni mwaka wake wa nane katika makao ya wazee yaliyo upande wa Bigwa, chini ya mlima. Wazee wako kumi na tisa. Mwaka jana alikabidhiwa kusimamia zamu ya jioni, inayoanza saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Katika zamu hiyo wanakuwa watatu: yeye, Janeth, na Ezekiel, mwanamume pekee kati yao. Wanaume wengi pale huogeshwa na Ezekiel.

Janeth alimtangulia Mwanvita kazini kwa miaka minne. Hakusema lolote mwenzake alipopewa usimamizi, ila tangu siku hiyo alianza kumwita "bosi," na neno hilo alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Sasa, ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mvua imenyesha tangu adhuhuri. Saa tisa Ezekiel akapiga simu. Alikuwa amekwenda Dumila kumwona mama yake, na basi alilopanda kurudi lilikuwa limeharibika njiani.

"Dada, nikiwahi sana ni saa moja na nusu," alisema. "Nisamehe."

"Njoo salama," Mwanvita alimjibu. "Tutajipanga."

Wakajipanga. Janeth alichukua wodi ya akina mama, Mwanvita akachukua ya akina baba. Walioweza kuoga wenyewe aliwapelekea maji ya moto hadi mlangoni. Wasioweza, aliwaomba wamsubiri Ezekiel, nao wakakubali. Hadi saa kumi na mbili kasoro mambo yalikuwa yakienda vizuri, na harufu ya mchuzi wa maharage ilikuwa imeanza kutoka jikoni.

Hapo ndipo alipoingia chumba cha mwisho.

Chumba hicho kilikuwa na wazee wawili. Mmoja ni Mzee Sufiani, miaka sabini na tisa, aliyekuwa nyapara wa mashamba ya miwa kule Turiani hadi kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia. Mwenzake ni Mzee Rahemtulla, aliyezaliwa mjini hapahapa na kuuza vitambaa dukani kwake miaka arobaini. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwondolea vidole viwili vya mguu, akawa anatembelea mkongojo. Wazee hawa walikuwa hawasemeshani tangu mfungo wa Ramadhani ulipoisha, kisa redio. Mmoja aliitaka iwake mpaka alale, na mwenzake hawezi kulala ikiwaka.

Kila siku saa kama hiyo Mzee Sufiani huwa ameshaketi kwenye kiti chake dirishani, kofia kichwani, akingoja adhana. Siku hiyo alikuwa kitandani, amejifunika shuka hadi kidevuni, ameukabili ukuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo.

"Nikuletee maji ya udhu?"

"Leo siswali, mjukuu wangu."

Mwanvita alisimama. Katika miaka yake yote pale hakuwahi kumsikia mzee huyu akisema hivyo, hata alipokuwa na malaria. Kisha harufu ikamfikia, akaelewa. Tumbo lilikuwa limemharibikia, naye alikuwa amelala katika hali ile kwa muda asioujua, bila kumwita mtu.

"Babu, hilo ni jambo la kawaida. Ngoja nikusafishe, haichukui hata—"

"Hapana." Mzee alishika shuka kwa mkono wake mzima. "Wewe ni sawa na mjukuu wangu wa damu. Huwezi kuniona hivi. Nitamsubiri kijana."

"Kijana anakuja saa moja na nusu, babu. Magharibi itakuwa imepita."

Mzee Sufiani alifumba macho. Machozi yalimtoka upande wa jicho, yakaingia kwenye mto.

Mwanvita alitoka hadi kwenye korido akamwita Janeth na kumweleza. Janeth alifuta mikono kwenye aproni. "Tumwoshe tu, bosi. Mmoja amshike, mwingine amsafishe. Dakika kumi imekwisha. Kesho atakuwa amesahau."

"Hatasahau."

"Basi akae na uchafu masaa mawili? Ngozi yake itachubuka, tutaulizwa sisi."

Hilo lilikuwa kweli pia. Mwanvita alibaki ameegemea ukuta, akijua kwamba uamuzi ni wake na hana wa kumuuliza. Wakiwa wamesimama hivyo walisikia mkongojo ukigonga sakafu. Mzee Rahemtulla alikuwa mlangoni, amevaa singlendi, suruali ameikunja hadi magotini.

"Leta ndoo mbili," alisema. "Ya moto na ya baridi. Mimi nitamwosha huyu bwana."

"Babu, wewe mguu wako—"

"Mguu mbovu, mikono mizima. Baba yangu nimemwosha miaka miwili pale nyuma ya duka. Na kwenye duka alikuwa mkali kuliko huyu."

Janeth alimvuta Mwanvita pembeni. "Mgonjwa amwoshe mgonjwa? Akianguka mmoja, au wote wawili, utaandika nini kwenye daftari?"

"Nitaandika kilichotokea," Mwanvita alisema.

Alirudi chumbani akauliza. "Babu Sufiani, mwenzako anasema atakusafisha yeye. Unakubali?"

Mzee akasema, akiwa bado ameukabili ukuta, "Kama hatataja redio."

"Sitaji," Mzee Rahemtulla alisema.

Walimfunika Mzee Sufiani kwa shuka kubwa na kumhamishia kwenye kiti cha magurudumu, wakamwingiza bafuni. Mwanvita alitandaza mkeka wa mpira sakafuni asiteleze mtu, akaweka kiti imara cha kuogea na kingine cha Mzee Rahemtulla, ili afanye kazi ameketi. Kisha aligeuka, akapiga magoti nyuma ya kiti cha kuogea, akakipa mgongo na kukishika miguu ya nyuma kwa mikono yake, uso ukiwa ukutani.

"Mimi nashika kiti tu, babu. Sioni kitu ila vigae."

"Vigae vinahitaji kusuguliwa," Mzee Sufiani alisema, na Mwanvita akajua kwamba atakuwa sawa.

Alitoa maelekezo bila kugeuka. Anza na upande mzima. Mkono wa kulia usiuvute, uinue kutoka chini ya kiwiko. Pangusa mgongo, usisugue. Mzee Rahemtulla alifuata, akipumua kwa nguvu na kunong'ona kwa Kigujarati kila sabuni ilipomponyoka. Mara moja kiti kiliyumba, Mwanvita akakibana kwa bega kikatulia. Maji yalimwagika yakamlowesha mgongo mzima.

"Samahani, mama," alisema Mzee Rahemtulla.

"Endelea, babu. Ni maji tu."

Adhana ilisikika wakiwa wanamvisha msuli safi. Mzee Sufiani alitia udhu kwa mkono wake mwenyewe, mwenzake akimmiminia kwa kopo. Waliporudi chumbani walikuta kitanda kimetandikwa mashuka mapya, dirisha limefunguliwa na sakafu imepigwa deki. Janeth hakuwepo. Alikuwa ameshaanza kugawa chakula, wodi zote mbili peke yake. Mwanvita alipomfikia amsaidie, Janeth alimtazama nguo zilivyolowa.

"Kabadilishe kwanza, Mwanvita, utapata homa," alisema. Hakumwita bosi.

Mzee Sufiani aliswali ameketi kitini, na Mzee Rahemtulla akakaa kimya kitandani kwake hadi mwenzake alipotoa salamu. Kisha wakala, wali na maharage, sahani mbili juu ya kistuli kimoja.

Mwanvita aliandika yote kwenye daftari la makabidhiano, pamoja na kiti kilivyoyumba. Asubuhi yake muuguzi mkuu, Sista Veronika, akamwita.

"Mkazi hamhudumii mkazi. Unajua?"

"Najua, Sista."

"Usingeandika, nisingejua."

"Ndiyo."

Sista Veronika alilifunga daftari. Alimwonya, na onyo hilo akalitia kwenye faili. Kisha akakaa naye nusu saa wakapanga upya zamu zote, ili jioni wawepo wanaume wawili, mmoja akikosekana mwingine yupo. Utaratibu huo unaendelea hadi leo.

Mwezi wa tisa alitakiwa ahamie zamu ya asubuhi, ambayo kila mtu anaitamani, maana unafika nyumbani kabla ya jua kuzama. Hashimu alifurahi. Shamsia, binti yao wa darasa la sita, alifurahi zaidi. Mwanvita aliomba siku mbili za kufikiri, akarudi na jibu kwamba angependa kubaki.

"Kwa nini?" Hashimu alimuuliza, sindano ikiwa mdomoni.

Alifikiri kidogo. "Saa ile wakishakula, wakishakuwa wasafi, wanaanza kuzungumza," alisema. "Asubuhi hakuna anayezungumza. Kila mtu ana haraka."

Hashimu alitoa sindano mdomoni, akasema basi chakula cha usiku atakuwa anapika yeye, ila asilalamikie chumvi. Mwanvita alicheka, akachukua mwavuli, akatoka kwenda kazini.