Kompyuta Iliyokuja kwa Mkokoteni

Juzi binti yangu alikuwa akifuta hesabu aliyokosea, na harufu ya raba ikanipata jikoni nikikata sukuma wiki. Nikaweka kisu chini. Nyinyi labda mnaweza kunusa raba mkaendelea na shughuli zenu, lakini mimi hunirudisha Kaloleni miaka ile ya tisini, kwenye sebule yetu yenye sakafu nyekundu ya saruji, mahali mama yangu alipokataa kushindwa na sanduku la bati.

Mama alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Alikuwa na raba ya kazi, ya duara, yenye kibrashi upande mmoja, na raba hiyo haikutoka mkobani mwake. Alifutia makosa ya taipu, alisugulia herini zake zikang'aa, na siku moja alinisugua nayo wino kidoleni hadi nikalia.

Mwaka huo ofisi yao iliamua kuachana na mashine za taipu. Wapiga taipu wote wangejaribiwa kwenye kompyuta, na atakayeshindwa angekwenda nyumbani. Mama hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko Malaba, kesho Mombasa, na kazi yenyewe ilikuwa ya leo ipo kesho haipo. Mshahara wa mama ndio uliotuweka shuleni. Nililijua hilo vizuri, maana mama hakuwa mtu wa kutuficha mambo. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Basi Ijumaa moja jioni nikasikia kelele za watoto nje. Nilipotoka nikamwona mama anakuja na sketi yake ya ofisini, kichwa juu, na nyuma yake mkokoteni ukidunda kwenye kila shimo la barabara. Juu ya mkokoteni palikuwa na kompyuta, imefunikwa gunia na kufungwa kwa kamba.

"Ofisi imenipa," akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia. "Nijifunzie nyumbani."

Tuliiweka mezani. Mama akaitandikia kitambaa chake cha kufuma, kile cha wageni, kisha akabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka. Feni ikavuma. Nikashikilia meza kwa furaha. Halafu ikaanza kulia, pii, pii, pii, na kioo kikabaki cheusi tititi. Mama akaizima, akaiwasha tena. Taa, feni, pii, pii, pii.

Jirani yetu Bwana Were alikuwa akisoma kompyuta jioni katika chuo kimoja mjini, kwa hiyo tukamwita. Alifika, akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi. Tukamshangaa. Akatueleza kwamba chuoni kwao hakuna anayeingia na viatu kwenye chumba cha kompyuta, kwa sababu vumbi la nje huleta virusi. Mnacheka? Wakati huo hata walimu waliosoma walivua viatu wakaingia kwa kunyata, msiwaone leo wanajifanya. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwetu. Viatu vikapangwa nje, sebule ikanuka soksi, mama akawa anapiga deki asubuhi na jioni, na kompyuta ikaendelea kulia vilevile.

Watoto wa mtaa hawakuniacha. "Niaje Mwende! Sinema inaanza saa ngapi?" Nilirudisha matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikuwa na hasira na wao, na Bwana Were, na ile mashine yenyewe. Siku ya jaribio ilikuwa inakaribia, na mama hajaona hata herufi moja kwenye kioo.

Mwishowe Bwana Were akakata tamaa. Alikuwa mtu mwema, akazungumza kwa upole. "Mama Mwende, hii imeliwa na virusi. Irudishe tu. Unajua, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Basi mimi si mshindani, Bwana Were," mama akamjibu. "Niachie hiyo bisibisi yako."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama alirudi kutoka sokoni, akafika mlangoni, akapita moja kwa moja na viatu vyake.

"Mama, viatu!"

"Leo naingia navyo. Kama hivyo virusi vinataka vita, vinikute nimevaa."

Akaichomoa nyaya, akapiga magoti, akafungua skrubu za ule mfuniko. Ndani mlikuwa na vumbi zito la miaka. Kusema kweli nilivunjika moyo, kwani nilitegemea kuona hao virusi wakitembea.

"Sikiza, Mwende," mama akasema. "Taa inawaka, feni inazunguka. Stima inafika. Hii kitu haijakufa. Ofisini ilikuwa inafanya kazi vizuri, ni mkokoteni umeitikisa. Hata mimi ukinibeba na mkokoteni kutoka mjini, kitu lazima kilegee. Wewe tafuta kilicholegea."

Tukaanza. Alikagua kama alivyozoea kukagua mashine yake ya taipu herufi ilipokwama, kitu kimoja kwanza, halafu kingine. Tulikaza waya mmoja, tukawasha, tukasikiliza. Pii, pii, pii. Tukazima, tukachomoa, tukaenda kwa unaofuata. Mgongo ukaniuma nikalalamika, akaniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nikitaka kusimama wima niende nikawe askari.

Ndipo vidole vyangu vikagusa kadi moja ndogo ya kijani, imesimama kombo kidogo. Nikaichomoa taratibu. Ukingoni ilikuwa na meno ya madini yaliyopaswa kung'aa, lakini yalikuwa meusi kama ya mvuta tumbaku. Mama aliitazama, akanyoosha mkono kwenye mkoba wake, akatoa raba. Akayasugua polepole huku harufu ikijaa sebuleni, akapangusa kwa kile kibrashi, akanirudishia. Nikaisukuma mahali pake hadi ikalia ka!

Akawasha. Pii moja, fupi. Tukasubiri nyingine tumebana pumzi, haikuja. Kwenye kioo kukatokea namba nyeupe, zikapanda, zikapanda. Mama alipiga kigelegele ambacho nina hakika kilifika kituo cha basi.

Bwana Were akaja mbio, akaanza kurukaruka mlangoni kwa mguu mmoja akihangaika na kamba za viatu.

"Ingia navyo, jirani!" mama akamwambia.

Akaingia. Na kuanzia jioni hiyo alikuja kumfundisha mama kila alichofundishwa chuoni, bila kuchoka. Siku ya jaribio mama alifaulu. Mkubwa wake akamuuliza amejifunzia wapi, naye akamjibu, "Kwa ile takataka yenu." Alitusimulia jioni hiyo akicheka hadi machozi. Mimi nami nikacheka, bila kujua nacheka nini.

Nilikuwa mtu mzima, nimeajiriwa na nimeshaonja dharau za ofisini, nilipomuuliza kwa nini aliiita takataka zawadi ya watu. Akanitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma. Zawadi gani? Ile kompyuta ilikuwa imekaa stoo siku nyingi, imekufa, na kila mtu alijua. Mkubwa alisema mbele ya wote, "Mpeni Mama Mwende hiyo akacheze nayo," na ofisi nzima ikacheka. Mama akashukuru, akatoka, akatafuta mkokoteni.

Kwa hiyo mkokoteni haukulegeza kitu. Alipita nayo katikati ya mtaa kichwa juu akijua anabeba dhihaka, na akanidanganya bila kupepesa jicho. Nilikasirika upya, miaka yote hiyo baadaye, kwa niaba yake.

"Sasa mbona uliniambia ilikuwa inafanya kazi?"

"Ningekuambia imekufa," mama akasema, "ungeishika kama maiti. Nilitaka uishike kama mgonjwa."