Nimewaswalisha Bila Udhu

Leo adhuhuri nimewaswalisha bila udhu, na nilijua.

Nasema nanyi mliofika kwenye hitima ya marehemu Suleiman, kwa mwanawe huko Alexandria.

Mlikuwa mkitawadha jikoni. Niliposikia maji ya bomba, mkojo ukanibana ghafla. Nikakimbilia msalani, nikakuta kuna mtu. Ukanitoka pale pale mlangoni. Kidogo, lakini ulitoka.

Koti langu refu lilificha.

"Mwalimu, twakungoja weye," Hamadi akaita. "Au wajipamba kama bwana harusi?"

Mkacheka. Nami nikacheka, nikaenda mbele.

Miaka arubaini nimefundisha watu tohara.

Garini nikamwambia binti yangu Zuhura, ambaye ni muuguzi.

"Baba, haya ni maradhi, na yana tiba," akasema. "Ukibanwa usikimbie. Simama, kaza misuli kama unayezuia mkojo, mbano ukipoa ndipo utembee. Na hizo chai upunguze. Lakini ungesema tu udhu umekutoka, nani angekuuliza?"

Hakuna ambaye angeniuliza. Hilo ndilo linaloniuma.

Swala yenu imesihi, maana hamkujua. Yangu nimeirudia nyumbani.

(Wazee wenzangu, mwambieni daktari mapema. Mimi nimeficha miaka miwili.)

Moyo wangu umechoka, daktari hanifichi. Karibuni mtapanga safu kuniswalia mimi, na sitaki msimame hapo bila kujua.

Kama mmenisamehe, andikeni hapa chini, nikiwa bado naweza kusoma.