Mafuta ya Baraka Juu ya Ampuli za Zenoni

Admin, ficha jina langu na duka langu usilitaje. Mume wangu husoma ukurasa huu kila asubuhi kabla hajanawa uso. Akijitambua humu, itakuwa mara ya kwanza anatambua kitu bila kuelezwa mara tatu.

Nina miaka thelathini na nne na watoto watatu, tunakaa Shari, hapa Bunia. Nauza pyesi, yaani vipuri vya magari, kwenye barabara ya Lumumba, kazi niliyoachiwa na marehemu baba, na taa ndizo ninazozijua kuliko vitu vyote. Mama yangu alikuwa anaishi kwetu tangu vita vimtoe shambani kwake Djugu. Ni mwanamke wa maneno machache, anaamka mapema, anafagia uwanja, anachambua maharagwe. Kosa lake katika nyumba ile lilikuwa moja tu: hakuwahi kumsifu mkwe wake.

Mkwe mwenyewe, nimwite Papa Gloire, ana gari la zamani lililochoka kila mahali, ila lilitoka kiwandani na taa za zenoni, zile kali za magari ya bei. Kwa hilo anatembea kifua mbele. Ampuli zake, yaani balbu, zilikuwa zimezeeka, zimegeuka rangi ya waridi, zinamulika kwa shida. Nikamwambia tubadilishe zote mbili pamoja. Yeye akataka za buluu.

"Buluu njo ya bakubwa," aliniambia, yaani ndiyo rangi ya wakubwa.

Nikamweleza kwamba kwenye mvua na vumbi letu buluu haionyeshi kitu. Nikamletea nyeupe zinazoelekea njano. Alikunja uso wiki nzima, mwanaume wa miaka arobaini na moja.

Nilimpa ampuli ndani ya boksi nikamwambia, "Papa Gloire, usiguze kioo na mukono. Hata jasho inaharibisha."

"Nimesikia," akajibu. Kusikia anajua.

Sasa, kanisani kwetu hakuna anayetumia kitu kipya kabla mtumishi wa Mungu hajakipaka mafuta. Cherehani, pikipiki, hata godoro. Sina neno na maombi, mimi pia naomba. Jumapili ile nilibaki na mtoto mgonjwa, na mume wangu akabeba boksi kanisani. Fundi akafunga zile ampuli Jumatatu. Hazikumaliza mwezi, zikafa zote mbili.

Nikaleta nyingine. Safari hii nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Mtumishi alichovya vidole kwenye mafuta ya mzeituni akazipaka juu ya kioo chenyewe, polepole, kama anayempaka mtoto mchanga aliyetoka kuoga. Tukiwa njiani nikamweleza mume wangu kwamba mafuta yakipata moto yanaungua juu ya kioo, kioo kinashika doa na kupasuka.

"Unataka kusema mafuta ya Mungu inaharibisha?" akaniuliza, na shingo ikamvimba.

Zikafa tena. Hapo mtumishi akaja nyumbani mwenyewe. Alikunywa chai aliyopikiwa na mama yangu, akaimaliza, akafuta mdomo, ndipo akasema, "Mu hii nyumba iko mutu anakula mwangaza." Wote wakamtazama mama, kana kwamba mchawi ameshatajwa jina.

Nililipinga jambo hilo. Nilileta ampuli iliyoungua, nikawaonyesha alama za vidole vya mtumishi zimebaki nyeusi juu ya kioo. Mtumishi akacheka. "Mama Gloire, shetani pia alisoma."

Na mume wangu, shujaa anayemwogopa mbwa wake mwenyewe, akapata ujasiri mbele ya bibi kizee. "Mama, utusamehe. Uende kwanza kwa ndugu yako Nizi, siye tubaki tunaomba." Nizi! Upande uleule aliokimbia. Mama alikunja vitenge vyake viwili, akaaga watoto, akaenda.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Seti ya tatu ilipakwa mafuta kama kawaida. Ila kabla fundi hajafika, nilizichukua kwa siri nikazisafisha kwa spiriti na kitambaa safi hadi kioo kikawa kikavu. Nilifikiri zikiwaka na kudumu, nitawaambia nilichofanya na hata mjinga ataelewa.

Zinawaka mpaka leo, mwezi wa nne huu. Kabla sijafungua mdomo, mtumishi alishatangaza madhabahuni: "Mumeona? Tangu ule mama atoke, mwangaza imerudi!" Kanisa zima likapiga makofi. Mume wangu alilia kwa furaha. Na mimi nikakaa kimya. Kwa hiyo ushahidi dhidi ya mama yangu niliutengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu.

Juzi mama alipiga simu. "Mataa ya Papa Gloire inawaka?"

"Inawaka, mama."

Akaniambia, "Basi njo miye kweli. Na sikukuwa najua."

Nilimweleza yote, mafuta, spiriti, kitambaa. Akanijibu kwa upole, "Unasema vile juu unanipenda, mwanangu." Hataamini mpaka asikie limesemwa kanisani, kwa sababu kanisani ndiko alikohukumiwa.

Jumapili hii mume wangu na mimi tumepangwa kutoa ushuhuda wa taa. Ameshanionya kwamba nikimwaibisha mtumishi, nisirudi nyumbani kwake, na watoto watabaki. Anazungumza hivyo huku anapangusa bampa, na gari lenyewe halina hata breki za kueleweka.

Mtumishi simwogopi, na mume wangu mnamwona wenyewe. Ninachoogopa ni kutoka pale bila watoto wangu. Na huko Nizi mama yangu anafunga na kuomba ili uchawi asio nao umtoke. Ndugu zangu, Jumapili wakinipa kipaza sauti, niseme nini?