Mwamini wa Bangwe na Mtoto Asiye na Machozi

Imevuma Katubuka yote, na nasikia imefika mpaka sokoni Ujiji, kwamba mjukuu wangu Gasper alikuwa amekwisha kukata roho, na kwamba mwanamke mmoja wa Bangwe alimrudisha kwa maji ya ziwa yaliyosomewa. Inasemwa pia kwamba mkwe wangu Happiness alimtelekeza mtoto kwa ajili ya safari za kwaya. Yote mawili ni uongo. Mtoto hakukata roho, maji hayakusomewa, na Happiness hakutoka nje ya ua wiki nzima ile, ila kumpeleka mtoto zahanati. Nilikuwapo. Niliyoyaona yananitosha kushangaa bila mtu kuniongezea.

Mwanamke huyo anaitwa Mwamini binti Khalfani. Ni mzaliwa wa Ujiji, aliyeacha shule darasa la nne mama yake alipougua, maana ndiye aliyebaki kuwapikia wadogo zake. Akaolewa Bangwe. Kazi yake ni kukausha dagaa. Mitumbwi ikirudi alfajiri huwanunua wabichi, akawatandaza kwenye chanja za nyavu na kuwageuza kwa mikono hadi jua linapokuwa kali. Wakishakauka hubeba beseni na kupita nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja kila Jumatano kwa miaka tisa. Nilinunua, nikashukuru, akaenda zake. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia aketi.

Gasper alikuwa na miezi kumi na moja. Jumatatu alianza kuharisha, Jumanne akatapika kila alichopewa. Mabomba yalikuwa yamekauka siku nne, tukawa tunachota maji tulikoyapata. Sitafuti sababu nyingine zaidi ya hiyo. Jumatano asubuhi akafika mama mmoja, mkubwa wa upande wa marehemu mume wangu, ambaye jina lake nalihifadhi. Akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa fizi.

"Meno ya plastiki haya," akasema. "Yasipotolewa leo, mtoto hamna."

Wengi huku wanaamini kwamba vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Kumbe ni meno ya mtoto mwenyewe, bado hayajatoka. Kidahwe palikuwa na mzee aliyeyachimbua kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mkubwa wetu akaagiza pia mtoto asipewe maji, ili tumbo likauke. Nami, niliyefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, niliyeandika ubaoni kwa mkono wangu kile anachopaswa kunywa mtoto anayeharisha, nikakubali. Hilo naliandika mwenyewe ili asipatikane mtu wa kuliandika kwa niaba yangu.

Mtoto alikuwa amekwisha kufungwa kanga, bajaji inanguruma langoni, Mwamini alipoingia na beseni lake.

"Hodi! Mwalimu, shikamoo. Leo nimekuletea wenyewe, hata mchanga hawa..." Akamwona mtoto. Akatua beseni.

"Marahaba. Leo hatununui, Mwamini. Tunakwenda Kidahwe."

"Kidahwe kwa nani?"

"Kwa mwenye kujua," mkubwa wetu akadakia. "Wewe kauze dagaa."

Mwamini alipiga magoti, akafunua kanga, akaibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili na kuiachia. Ilirudi polepole, kama unga uliokandwa. Akapitisha kiganja utosini, palikuwa pamebonyea.

"Mama Gasper, mtoto analia. Machozi yako wapi?"

"Hayatoki tangu jana," Happiness akasema.

"Ana kiu huyu."

"Maji yatamharisha zaidi!" mkubwa wetu akacheka kwa dharau. "Haya, muuza dagaa leo anatufundisha kulea."

"Mama, mimi kazi yangu ni kukausha," Mwamini akasema. "Kilichokauka nakijua nikikiona. Huyu anakauka."

Kisha akanigeukia mimi. "Wangu nilimpeleka huko mnakokwenda. Safina, mwaka mmoja na miezi miwili. Alirudi fizi zinavuja damu, hanyonyi, hamezi. Siku ya tatu nikamzika. Baada ya hapo ndipo nikaenda kufundishwa pale zahanati, nikawa mhudumu wa afya wa mtaa. Mwalimu, neno ni lako. Bajaji ipo. Ielekee wapi?"

"Zahanati," nikasema.

Muuguzi Pastory alimpima mtoto, akasema hajafikia kutundikiwa dripu maadamu anakunywa. Lakini akilegea au akikataa kunywa, tukimbie hospitali bila kungoja. Akakoroga pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi. Mwamini akapakata mtoto, akashika kijiko.

Kijiko kimoja. Akangoja kidogo. Kijiko cha pili. Mtoto akatapika, Happiness akapiga ukelele.

"Tulia, mwanangu," Mwamini akamwambia. Akangoja dakika kama kumi, akaanza upya, polepole kuliko mwanzo. "Kikombe angekitapika chote. Kijiko hiki tumbo hata halikioni kikipita." Katikati alimpa mama yake amnyonyeshe, kisha akampokea tena.

Saa nne nzima. Mimi nimeliona ziwa hili likipanda na kumeza nyumba za watu, na nimeona radi ikipasua mlima ng'ambo ya maji. Sijapata kuona kitu kikubwa kama kile kijiko. Saa ya pili macho yalianza kupanda kutoka mashimoni mwake, kama mtu anayekuja mlangoni kutoka chumba cha ndani. Saa ya tatu nikaibana ngozi ya tumbo mimi mwenyewe. Ikarudi papo hapo. Nikaibana tena, kwa kuwa sikuamini. Mtoto akakasirika, akalia, na kwenye ukope wake likaning'inia chozi moja zima. Sote tukalitazama. Halafu akamkojolea Mwamini mapajani.

"Haya Mwalimu!" Mwamini akacheka, kanga imelowa chapachapa. "Mvua imenyesha Bangwe!"

Nilisimama, nikavihesabu vilivyomwokoa. Maji, chumvi na sukari, pamoja na mwanamke wa darasa la nne asiyechoka mkono.

Pastory alitupa vidonge vya zinki vya siku kumi, akatuonya tusiviache hata kuhara kukikoma. Kukakoma siku ya nne. Mwezi uliofuata vile vivimbe vyeupe vikatoka, meno mawili safi. Nimekuja kujua kwamba Mwamini huitwa mara nyingi kuwahudumia watoto wagonjwa, naye huondoka akawaacha dagaa kwenye chanja, kunguru wakajilia. Hajawahi kulisema hilo mahali popote, nalisema mimi.

Gasper alipopata nguvu, mimi na Mwamini tulikwenda Kidahwe kwa yule mzee wa spoku. Tuliingia ndani, tukafunga mlango, tukakaa humo karibu saa nzima. Tangu siku ile hajachimbua fizi ya mtoto yeyote. Wapo wanaosema tulimtisha kwa polisi, wapo wanaosema Mwamini alimtemea kitu cha uchawi. Nimeulizwa na majirani, na wanakwaya, na hata na mwanangu Thobias kwa simu. Tuliyosemezana mle ndani ni yetu watu watatu. Siyasemi, na sitayasema.